Kumwimba mkubwa au kumwimbia?

SWALI: Kikundi chetu cha vichekesho hapa Jinja huchukua nyimbo zinazopendwa, tukabakiza mahadhi na kubadili maneno ili kuwakejeli wanasiasa. Katika tangazo tuliandika: "Njooni Jumamosi tuwaimbie wakubwa." Mzee mmoja akatuuliza kama wakubwa hao wametulipa. Tumekosea wapi?

JIBU: Mzee amesoma sawasawa. Mnayemwimbia ndiye mgeni wenu wa heshima, wimbo ni wake. Mnayemwimba ndiye anayezungumzwa ndani ya wimbo. Nyinyi mlikusudia "tuwaimbe wakubwa".

Kundi la Capitol Steps la Washington, lililoanzishwa mwaka 1981 na wafanyakazi wa Seneti, lilikuwa likigeuza maneno ya nyimbo maarufu namna yenu. Liliwaimba wanasiasa, na mara nyingine likawaimbia haohao wakiwa wameketi ukumbini. Vitenzi vyote viwili vinasimama, kila kimoja na kazi yake.

Ndivyo ilivyo pia kwa kucheka. Ukimcheka waziri, umemdhihaki. Ukimchekea, umemwonyesha uso wa bashasha. Na hapa Uganda kuna mtego ambao Waswahili wa pwani hawaujui. Kwa Luganda, okusekerera ni kudhihaki. Basi msemaji wa Luganda huandika "tuliwachekelea mawaziri" akijua ametoa kejeli, ilhali msomaji wa Mombasa anaelewa kwamba waliwafurahia. Nimekutana na sentensi za namna hiyo mara nyingi, nami huumia kuona kejeli nzuri ikigeuka pongezi kwa silabi mbili tu. Andikeni "tuliwacheka".

Kitenzi hiki kinastahili uangalifu, kwa maana katika nchi hii kuimbwa ni jambo zito. Byron Kawadwa aliandika mchezo wa nyimbo, Oluyimba lwa Wankoko, ambao utawala wa Idi Amin ulihisi ndio unaoimbwa humo. Mchezo ulipelekwa kwenye tamasha la Lagos mwaka 1977, na mwaka huohuo Kawadwa akauawa. Hakuna aliyedhani kwamba alikuwa akimwimbia mtawala.

Hata hivyo, msidhani "kumwimba" peke yake kunatosha kuonyesha kejeli. Mashujaa nao huimbwa, harusini bibi harusi huimbwa, na hakuna anayenuna. Ni maneno ya wimbo yatakayoonyesha kama ni sifa au dhihaka. Kitenzi kinaonyesha tu nani anazungumzwa.

Kama mnaipenda "tuwaimbie" kwa mlio wake, ipo njia: tajeni kinachoimbwa. "Njooni Jumamosi tuwaimbie wakubwa vijembe." Hapo sarufi imetimia, wakubwa wanabaki kuwa walengwa, na mpita njia anajua mara moja ni onyesho la aina gani. Mimi ningechapisha hilo.