Daftari 200, Mshahara wa Kuchelewa na Sala ya Asubuhi

Mwalimu wa shule ya kanisa akianza kuchoka, ushauri wa kwanza anaopewa ni aongeze maombi. Aombe, ndiyo. Lakini mara nyingi kilichomchosha si uhaba wa imani. Ni daftari 200 zilizorundikana mezani, kipindi cha mwisho chini ya bati la Tabora mwezi wa kumi kabla mvua haijaanza, na mshahara ambao hakuna anayejua utaingia lini. Mambo hayo yana dawa, na dawa zake ni za kazi. Haya yameandikwa kwa walimu wa shule za Kikristo za hapa mkoani, kuanzia mjini hadi Urambo, Kaliua, Sikonge na Nzega, ziwe za Wakatoliki, Wamoravian, Waanglikana au Wapentekoste.

Tuanze na daftari, maana hapo ndipo mioyo mingi inapokatika. Una mikondo minne, kila mmoja wanafunzi 50. Ukiipa kila daftari dakika 3 tu, zoezi moja limekula dakika 600, yaani saa 10. Ukitoa mazoezi mawili kwa wiki, Jumapili yako imekwisha na ya mwenzi wako pia. Anayeng'ang'ania kusahihisha zote huishia kupiga vema bila kusoma, na wanafunzi huligundua hilo ndani ya wiki mbili. Wakishagundua, wanaanza kunakiliana.

Gawa kila mkondo makundi manne kwa namba za rejesta: 1 hadi 13, 14 hadi 26, 27 hadi 38, 39 hadi 50. Kila wiki sahihisha kwa kina kundi moja la kila mkondo. Hizo ni daftari 50 hivi, kazi ya saa mbili na nusu, na kila mwanafunzi amesomwa kweli mara moja kwa mwezi. Waliobaki wabadilishane daftari wasahihishane darasani, majibu yakiwa ubaoni. Wape dakika 8, na aliyesahihisha aandike jina lake chini ya kazi. Jina hilo linapunguza sana kubebana. Usizungushe makundi kwa mpangilio uleule kila mwezi. Wakiijua zamu yao wataandika vizuri wiki hiyo na kulala tatu zinazofuata.

Wakati unasahihisha, weka karatasi moja pembeni uandike makosa matatu yanayojirudia zaidi. Kipindi kinachofuata kianze na hayo matatu, dakika 5, kabla ya somo jipya. Ukilazimika kuacha kitu katika mpango huu wote, acha kingine, hii usiiache. Wino mwekundu peke yake haumfundishi mtu, kwa sababu mwanafunzi huangalia alama tu na kufunga daftari. Jambo moja la tahadhari: mweleze mwalimu wa taaluma utaratibu huu mapema na uuoneshe kwenye azimio la kazi. Wadhibiti ubora wakikuta kurasa ambazo hukuziwekea saini yako wewe bila maelezo, watakuandika mzembe.

Kitu kingine kinachomaliza nguvu ni swali la "mmeelewa?" Darasa zima litajibu "ndiyo, mwalimu!" kwa sauti nzuri kabisa, kisha mtihani uje uoneshe walioelewa ni sita. Kwa kidato cha kwanza hali ni ngumu zaidi: mtoto ametoka nyumbani anakozungumza Kinyamwezi au Kisukuma, akasoma msingi kwa Kiswahili, sasa Baiolojia inamjia kwa Kiingereza. Dakika 4 za mwisho wa kipindi cha dakika 40, mpe kila mmoja kipande cha karatasi, robo ya ukurasa inatosha, aandike jambo moja alilolipata na moja lililomshinda, kwa lugha yoyote. Huhitaji kusahihisha. Pitia kwa macho, tenganisha mafungu mawili, utajua kesho uanzie wapi. Upande wa kulia wa ubao acha safu ya maneno mapya matano, yatamkwe na darasa zima na kila neno litungiwe sentensi. Yakizidi matano hayashiki.

Hapo ndipo imani ya mwalimu inapokaa zaidi, kwenye somo lililoandaliwa. Wengi hudhani shule inakuwa ya Kikristo kwa kubandika aya ya Biblia mwanzo wa kila andalio la somo. Aya iliyobandikwa kwenye mada ya asidi na besi haimsaidii mtu. Kama Hisabati yako inafikia uwiano na vipimo, mizani ya tumbaku kwenye chama cha msingi cha wakulima ni mfano tosha: mpe mtoto wa mkulima hesabu ya kilo 60 zilizosomwa 57, akokotoe mzazi amepoteza asilimia ngapi. Ni 5. Manabii walishayasema ya mizani ya uongo, na wanafunzi wenyewe wataliona bila wewe kuhubiri. Julius Nyerere alipotoka Makerere alikuja kufundisha St. Mary's hapahapa Tabora, shule ya Wakatoliki, kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Alifundisha Baiolojia na Kiingereza, masomo ya kawaida kama yako.

Sala ya asubuhi nayo ina vipimo vyake. Wanafunzi wamesimama mstarini, jua linapanda, dakika 7 zinatosha: moja ya wimbo, mbili za kusoma fungu fupi, tatu za maelezo yenye swali moja la kuondoka nalo, moja ya kuomba. Inaharibika kwa namna mbili. Kwanza, mahubiri yanayomlenga mwanafunzi mmoja aliyekosa jana, ambayo kila mtu anajua ni ya nani. Pili, na hii ni mbaya zaidi, "amina" ikiisha tu linafuata tangazo la majina ya wanaodaiwa ada. Kama wewe ndiye mwalimu wa zamu, omba orodha hiyo ipelekwe ofisini, mzazi apigiwe simu. Mtoto hana hela, na neno ulilolisoma limeshafutika.

Tabora ina Waislamu wengi, na wazazi wao huleta watoto kwenye shule zetu kwa ajili ya nidhamu na ufaulu. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kuabudu, kwa hiyo muulize mkuu wa shule, kabla muhula haujaanza, utaratibu ukoje kuhusu ibada na sala ya Ijumaa, usije ukaubuni mwenyewe darasani. Mwezi wa Ramadhani usipange majaribio saa za alasiri wala mbio ndefu kwenye michezo. Usimwite mtoto wa Kiislamu kuongoza sala ya Kikristo ili "kumjaribu".

Kuhusu fimbo tuseme kwa kifupi. Kanuni zinasema ni kwa kosa kubwa, zisizidi 4, zitolewe na mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, na ziandikwe kitabuni. Mwalimu anayetembea na kiboko koridoni yuko nje ya kanuni hata kama ofisi nzima hufanya hivyo. Kwa makosa ya kila siku, mhamishe kiti, kisha mwite dakika 2 baada ya kipindi, mkiwa wawili mahali pa wazi, useme kosa moja tu.

Sasa fedha, ambayo kwenye shule za kanisa watu huona aibu kuitaja. Mzazi wa Urambo au Kaliua hushika hela ya maana tumbaku ikishauzwa, katikati ya mwaka. Januari hadi Machi tumbaku iko shambani na kwenye mabani ya kuikaushia, ada inasuasua, na mshahara unasuasua nayo. Hili linajulikana kila mwaka, basi usilipokee kama ajali. Omba mkataba wa maandishi na uusome wote. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe usikatwe zaidi ya 10. Nenda ofisi yao kila baada ya miezi mitatu uone kama zimefika, maana kukatwa kwenye hati ya mshahara si ushahidi kwamba zimepelekwa. Likizo ya mwaka ni siku 28, ya uzazi 84, au 100 kwa pacha. Ukiachishwa kazi isivyo halali, una siku 30 za kufikisha lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wapo wanaojibu madai hayo kwa neno "wito". Wito haufuti sheria ya kazi, na mwajiri anayemcha Mungu hatakasirika ukiuliza.

Mshahara wa Juni na Julai, mahindi yakiwa bei ya chini, ununue chakula. Kadiria gunia moja la kilo 100 kwa mtu mzima kwa mwaka, watoto pungufu, uhifadhi kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Yasipokuwa makavu yataota ukungu humo ndani, kwa hiyo yapime kwanza: tia kiganja cha mahindi na kijiko cha chumvi kavu kwenye chupa kavu, funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, yaanike tena siku mbili ndipo ufunge.