Ukipima vinasaba kwenye pumzi, anza na mate

Nilipoingia maabara mara ya kwanza nilipewa kazi ya kukusanya pumzi za wakimbiaji, kabla na baada ya mazoezi, tuone mikroRNA (vipande vifupi vya RNA, molekuli ndugu ya DNA, vinavyosaidia kudhibiti jeni) zinabadilikaje. Nilidhani ugumu ungekuwa kwenye PCR, ile njia ya kunakili vinasaba mzunguko baada ya mzunguko hadi vionekane. Kumbe kazi huharibika mapema zaidi, mtu akiwa bado amekaa mbele yako na bomba mdomoni. Kama unapanga utafiti wa namna hii, hapo ndipo nakuomba uwe mkali.

Njia yenyewe ni nyepesi. Mtu anapumua taratibu kwenye bomba lililopozwa, mvuke unageuka matone, na baada ya dakika 10 hadi 15 unapata mililita moja au mbili. Zaidi ya asilimia 99 ni maji. Vipande vya DNA na RNA vinavyobebwa na vitone kutoka njia za hewa ni vichache mno, kiasi kwamba tone moja la mate linaweza kuvizidi vyote.

Hilo tulilijua kwa uchungu. Kundi letu la kwanza lilionyesha RNA ikipanda sana baada ya mbio, tukafurahi kweli. Msimamizi wangu akauliza swali moja tu: mmepima amilesi? Hicho ni kimeng'enya cha mate. Tulipopima, tukaikuta katika sampuli nyingi za baada ya mbio. Mtu aliyetoka kukimbia anahema mdomo wazi, mate yanajaa, naye anaona haya kutoa bomba ili ameze. Tulizitupa sampuli zile, kazi ya wiki kadhaa. Tangu hapo kila mshiriki wangu anasukutua mdomo kwa maji, nakagua mtego wa mate wa kifaa, na namwambia waziwazi: ukitaka kumeza, toa bomba, umeze, hakuna haraka. Amilesi napima kabla sijagusa kemikali za bei ghali.

Sampuli ya "kabla" nayo huonewa. Mshiriki wetu mmoja alifika kwa baiskeli, jasho likimtoka. Kabla yake ilikuwa tayari baada. Siku hizi nawaomba wasifanye mazoezi mazito tangu jana yake, na wakifika wanakaa nusu saa kwanza.

Halafu kuna suala la hewa. Mtu aliyetulia hupitisha lita 6 hadi 8 kwa dakika. Mwanariadha anayejikaza anaweza kuvuka lita 100. Kwa hiyo ukikusanya kwa dakika zilezile, unalinganisha vitu viwili tofauti. Andika ujazo wa hewa iliyopita, andika mililita ulizopata, na chagua muda mmoja wa kukusanya baada ya mazoezi usiubadilishe. Kwa wenye pumu muda huo una uzito wa pekee, maana njia za hewa huelekea kubana zaidi dakika 5 hadi 15 baada ya kuacha mazoezi.

Usisahau sampuli tupu. Pitisha maji safi ya maabara kwenye kifaa ambacho hakuna aliyekipulizia, uyapeleke hatua zote hadi PCR. Kama ishara ya mshiriki wako inatokea kwenye mzunguko uleule na ya maji hayo, huna matokeo, hata kama grafu inapendeza.

Mwisho, gawa sampuli kwenye vichupa vidogo papo hapo, uweke kwenye barafu, kisha friza ya nyuzi hasi 80. Ukigandisha na kuyeyusha chupa moja mara kwa mara, RNA inakatika. Na kabla ya yote, mweleze mshiriki kwa lugha anayoielewa kwamba pumzi yake ina vinasaba vyake, vitahifadhiwa wapi na kwa muda gani, ndipo atie sahihi. Wengi wao hudhani wanakupa hewa tu.