Barua kwa mwanangu: bata na paka wa koo moja

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilisikiliza maneno, zile mbili nyingine nilisikiliza koo lako, maana nilijua umerekodi ukiwa umetoka kulia. Unasema prodyuza amekutoa kwenye kazi ya kuingiza sauti za katuni, na kauli aliyokupa ni hii: "Una sauti moja tu, unaipandisha na kuishusha." Halafu ukaniuliza: "Baba, hao wanaofanya wahusika kumi peke yao wamezaliwa hivyo, au mimi nimekosea kazi?"

Mimi nilikuwa fundi mitambo, sikuwahi kuwa mwigizaji, hilo unalijua. Lakini nimekaa nyuma ya kioo cha studio miaka mingi nikitazama midomo ya watu, na fundi husikia mambo ambayo mwigizaji mwenyewe hayasikii. Kwa hiyo nitakujibu kwa maisha ya mtu mmoja niliyemfuatilia sana, Mmarekani aliyeitwa Mel Blanc. Sungura Bugs Bunny ni yeye. Bata Daffy Duck ni yeye, paka Sylvester ni yeye, na kale kandege Tweety ambako paka huyo hukawinda bila kukapata, ni yeye pia. Wenzake walimwita mtu wa sauti elfu moja.

Nianze na bata na paka, kwa sababu ndio jibu langu.

Wasikilize wote wawili ukiwa umefumba macho. Kila mmoja akifika kwenye herufi "s", mate yanaruka. Hiyo ni sauti moja, mwanangu. Ya bata iliharakishwa kidogo na mafundi baada ya kurekodiwa, ndiyo maana inasikika nyembamba. Ya paka iliachwa na mwendo wake. Na Blanc mwenyewe alieleza kwamba ukimwondolea paka yule kitembe chake, unabaki na sauti karibu sawa na ile aliyoitumia yeye kuongea nyumbani kwake. Yaani mtu wa sauti elfu moja alichukua sauti yake ya kila siku, akawagawia nyota wawili, na watoto wa dunia nzima wakakua bila kulalamika kwamba wamepunjwa.

Kwa nini hawakulalamika? Kwa sababu bata ana hasira ya mtu anayeamini anaonewa tangu azaliwe. Paka ana hasira nyingine kabisa, ya mwenye njaa anayejua atashindwa tena leo, ila aibu haimruhusu kuacha. Koo ni lile lile, watu ni wawili. Prodyuza wako alipima koo. Sijui kama alisikiliza mtu, na kusema kweli sijui pia kama ulimpa mtu wa kumsikiliza.

Sasa nirudi nyuma. Blanc alizaliwa San Francisco mwaka 1908, akakulia Portland, katika jimbo la Oregon. Jina la ukoo lilikuwa Blank, neno ambalo kwa Kiingereza maana yake ni tupu, kama karatasi isiyoandikwa kitu. Alisimulia kwamba shuleni mwalimu mmoja alimwambia atakuwa kama jina lake, mtupu. Kijana akabadilisha herufi ya mwisho. Nakutajia hilo ili ujue kauli kama ya prodyuza wako haikuanza na wewe.

Mwenyewe alieleza pia kwamba utotoni alikuwa akiwasikiliza majirani wahamiaji na kuwaiga lafudhi zao, na kwamba korido ya shule iliyokuwa ikirudisha mwangwi ilimfundisha kucheka kicheko kimoja cha ajabu, cha kupandapanda. Miaka ilipopita, mwaka 1940, kicheko hicho kikawa cha kigogota Woody Woodpecker. Blanc hakudumu na ndege huyo, mkataba wake na studio nyingine ulimfunga, lakini kicheko kilibaki kikitumika bila yeye. Alishtaki. Mahakama haikumpa haki hiyo, kwa kuwa hakuwa amekisajili kicheko chake, ingawa baadaye pande mbili zilipatana. Ukisaini mkataba wowote, mama, soma wameandika nini kuhusu kutumia rekodi zako baadaye. Haya, tuendelee.

Mwaka 1927 aliingia redioni, na mwaka 1933 akaoa. Mwaka huo huo yeye na mkewe Estelle walianza kipindi katika kituo kimoja cha Portland, usiku kuanzia saa tano hadi saa sita, siku sita kwa wiki. Kumbuka uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka vibaya wakati ule. Kituo kilikataa kuwalipia waigizaji wengine. Kipindi kinahitaji wazee, walevi, wageni, watoto, na studioni mko wawili tu. Utafanyaje? Akawa anawafanya yeye. Fikiria, siku sita kwa wiki, karibu miaka miwili. Watu wanaposema "alizaliwa na kipaji" mimi huwa nazikumbuka saa hizo za usiku wa manane. Kipaji alikuwa nacho, sikatai. Ila bila ule ubahili wa kituo pengine angebaki mchekeshaji mzuri wa sauti tatu nne.

Alipohamia Los Angeles alijaribu kuingia kwenye studio ya katuni ya Leon Schlesinger, ile iliyotengeneza katuni za Warner Bros. Kwa masimulizi yake, msimamizi wa sauti alimrudisha tena na tena kwa jibu moja, kwamba sauti walizo nazo zinatosha. Mlango ulifunguka baada ya bwana yule kufariki na mwingine kushika nafasi. Mwishoni mwa 1936 akapokelewa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa fahali mlevi.

Kisha ikaja kazi ya nguruwe. Hapa tulia kidogo, maana inakuhusu.

Porky Pig alikuwa akiigizwa na Joe Dougherty, mtu mwenye kigugumizi cha kweli. Kigugumizi cha kweli hakimtii mwenyewe. Mstari wa sekunde tatu ulienda dakika, mkanda wa filamu ukaliwa, na mkanda ulikuwa ghali. Mwaka 1937 wakampa Blanc. Yeye alikifanya kigugumizi kuwa kitu cha kupangwa: nguruwe anakwama kwenye neno, anahangaika nalo, halafu analiacha na kuchukua jingine jepesi. Kicheko kinatokea pale anapolikimbia lile neno. Mimi kama fundi nakwambia huo ni muziki, ni kujua pigo litaangukia wapi, na si ajabu, kwani Blanc alikuwa mpiga fidla na tuba kabla ya haya yote.

Na sungura? Alipoelezwa kwamba mhusika ni mjanja, mkavu wa macho, asiyetishika, hakuanza kwa kujaribu koo. Alijiuliza mkorofi wa namna hiyo anatoka mtaa gani. Akamkuta New York, na kwa kuwa hakuweza kuchagua kati ya Brooklyn na Bronx, akachanganya lafudhi zote mbili. Umeona njia? Kwanza nani, halafu anatoka wapi, halafu anataka nini. Sauti inakuja ya mwisho, kama kivuli. Karoti nayo ilikuwa karoti ya kweli. Walijaribu vitu vingine vya kutafuna, havikutoa mlio ule. Tatizo ni kwamba huwezi kutafuna karoti na kusema mstari unaofuata kwa wakati, kwa hiyo alikuwa akiuma, anatafuna, mitambo inasimamishwa, anatema, kisha wanaendelea. Watu wamemzulia kwamba karoti zilikuwa zikimdhuru. Uzushi tu.

Usidhani kila alichokigusa kilikaa. Walt Disney walimkodi kwa ajili ya Gideon, paka wa Pinocchio, filamu ya mwaka 1940. Alirekodi siku kumi na sita. Baadaye wakaamua paka awe bubu, na sauti yote ikaondolewa. Katika kazi ile yote kilichobaki ni kwikwi. Nimecheka kila nilipoikumbuka, lakini nimeikumbuka pia kwa heshima, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kufuta kwa mkono wangu kazi ya mtu ya juma zima, kwa amri ya wakubwa, na kesho yake nikamwamkia kama kawaida. Hakujua. Huenda hajui mpaka leo.

Kinyume chake ni lile gari bovu la Jack Benny, mchekeshaji wa redio ambaye Blanc alifanya naye kazi tangu 1939. Kipindi kinakwenda hewani moja kwa moja, mlio wa gari uliorekodiwa unatakiwa usikike, hausikiki. Blanc akarukia maikrofoni na kukohoa, kupiga chafya, kutetemeka kama injini inayokata roho. Tangu hapo gari likawa yeye. Kuigiza gari! Na bado unaweza kusema lile gari lina tabia. Ni zee, lina kiburi, halitaki kusukumwa.

Kuna jambo moja silipendi katika maisha yake, na siwezi kukuandikia bila kulisema. Aliomba nyongeza ya mshahara, bosi akakataa, akaomba basi jina lake litokee kwenye skrini. Akapewa, na kufikia 1944 lilikuwa limo ndani ya mkataba. Enzi hizo waigizaji wa sauti hawakutajwa kabisa, kwa hiyo aliwavunjia wengi ukuta. Lakini kwa miaka mingi lilitokea jina lake peke yake. Mwindaji Elmer Fudd alikuwa Arthur Q. Bryan mpaka alipofariki mwaka 1959, na watazamaji wakaondoka wakiamini ni Blanc. June Foray naye, mwanamke mwenye sauti nyingi asiyepungukiwa na Blanc kwa lolote, alifanya kazi humo humo bila kutajwa. Wewe ukiwa juu, taja wenzako.

Ajali yake huenda umewahi kuisikia. Tarehe 24 Januari 1961 aligongana uso kwa uso na gari jingine kwenye kona ya Sunset Boulevard, Los Angeles. Miguu yote miwili na nyonga vilivunjika, na kwa takriban wiki mbili alikuwa hajitambui. Mkewe na mtoto wao Noel walikuwa wakimwita, kimya. Ndipo daktari mmoja, sijui kama ni kwa kukata tamaa au kwa akili, akamuuliza: "Bugs Bunny, unajisikiaje leo?" Kukapita kitambo kidogo, kisha kutoka kitandani ikaja sauti ya sungura, dhaifu, ikimwambia daktari kwamba yu salama. Sungura yule humwita kila mtu "daktari", ndiyo ada yake. Safari hii alimwita daktari wa kweli. Akaulizwa kama Tweety naye yupo. Tweety akaitika.

Nimewahi kusikia watu wakiifanya habari hiyo kuwa ya miujiza. Mimi naiona hivi: aliyewaita wale watu kila siku kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa amewawekea njia ndani yake, na njia hiyo ikawa haijafungwa wakati nyingine zimefungwa. Swali lako lingine, ulilolitupia mwishoni kama mzaha, kwamba anayebeba sauti za wote yake anaiweka wapi, nadhani limejibiwa hapo kitandani. Haikuwa imekwenda popote. Ilikuwa imekaa na wenzake.

Wakati ule alikuwa pia Barney Rubble wa katuni ya The Flintstones. Mwigizaji mwenzake, Daws Butler, alimshikia nafasi katika vipindi vichache, halafu studio ikamfuata alipolala: maikrofoni zikaning'inizwa juu ya kitanda, waigizaji wenzake wakamzunguka, yeye amefungwa plasta karibu mwili mzima, anacheka kicheko cha Barney. Ningetoa mshahara wa mwaka kuwa fundi wa siku ile.

Koo lake halikusalimika. Yosemite Sam, yule mfupi mwenye masharubu anayepiga kelele tangu mwanzo hadi mwisho, ndiye aliyemchosha kuliko wote. Kwenye filamu moja ya mwaka 1988, akiwa na miaka 80, wahusika wake wengi aliwafanya mwenyewe, lakini Sam ikabidi apewe Joe Alaskey. Alikuwa amevuta sigara tangu akiwa na miaka tisa, na aliacha alipokuwa na miaka 77, mapafu yakiwa yameshaharibika. Alifariki Julai 1989. Nadhani sina haja ya kuendelea na habari ya sigara. Mama yako ameshakwambia kwa sauti ambayo hata Sam asingeiweza.

Tafuta video zake akihojiwa uzeeni. Zitazame ukiwa umezima sauti. Utaona uso unahama: akiwa sungura, mdomo unakwenda pembeni na jicho moja linakudharau; akiwa Tweety, mashavu yanajaa na mabega yanashuka, mzee mzima anakuwa kifaranga. Utajua ni nani kabla hujasikia neno. Sisi tulikuwa na mzee mmoja kwenye michezo ya redio aliyeigiza bwana mkubwa na mtumishi wake katika mchezo mmoja. Sauti yake haikubadilika hata nusu. Ila kwa mtumishi alikuwa akivua viatu. Mara ya kwanza nilidhani vinambana.

Kwa hiyo nifanyie hivi. Chukua mstari mmoja, wowote, mfupi. Useme kwa sauti yako hii moja, usiipandishe wala kuishusha. Useme kwanza kama mtu anayedai deni, halafu kama mwenye deni, halafu kama mtoto aliyewasikia wawili hao nyuma ya mlango. Rekodi kwa simu, nitumie. Na ile rekodi waliyoikataa nitumie pia, yote, usikate makosa. Masikio yangu si ya zamani, lakini bado naweza kutofautisha bata na paka.

Baba yako