Nguo ya saba

Wiki hii mmetuuliza ni mila gani ya mimba tusingependa ipotee. Yangu inatoka mbali jamani, Java, kule Indonesia, nilisoma Yogyakarta miaka miwili na mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa na binti ana mimba ya kwanza. Ilipofika miezi saba wakamfanyia sherehe inaitwa mitoni, neno la Kijava limetoka kwenye pitu yaani saba, wengine wanaiita tingkeban.

Kwanza anaogeshwa maji ya maua yaliyochotwa sehemu saba, wazee saba wanapokezana kata, kila mmoja anammwagia taratibu huku anamwombea. Halafu zinakuja nazi changa mbili za manjano zimechorwa Kamajaya na Kamaratih, wale wapendanao wa hadithi zao za zamani, zinapitishwa ndani ya nguo aliyojifunga mpaka bibi anazidaka kwa chini na kuzipakata kama kichanga kabisa. Yaani mtoto ashuke hivohivo bila kukwama. Hata uji wa siku hiyo, jenang procot, unatiwa ndizi nzima ndani, procot ndo kule kuchomoka kwa urahisi.

Sasa kilichonishika mimi ni nguo. Anavalishwa batiki, wanawake wanaulizwa imempendeza? wote kwa sauti moja dereng pantes, bado haijamfaa! anavuliwa anavalishwa nyingine, bado! zikapita sita hivo tena batiki za hela nyingi, ya saba ikaja lurik, kitambaa cha mistari tu cha kila siku, ndo chumba kizima kikaitikia pantes. Huyu dada usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ameniambia anaogopa uchungu hadi hapati usingizi. Kufika nguo ya nne anacheka ameshika tumbo.

Kuna watu wanaita huu ushirikina na mimi inaniuma, maana pale Sura Maryamu ilisomwa, na kliniki dada alikuwa anahudhuria kama kawaida, hakuna aliyemwambia maua yanatosha. Kliniki walimpima presha, ila ile hofu walikuja kumtoa wale mama.

Mwisho yeye na mumewe wakauza rujak, yale matunda yanayotiwa pilipili, wageni tunalipa kwa vipande vya vigae, mume kamshikia mwavuli, yeye anapokea kigae kimojakimoja anatia kwenye chungu.