Mashine ya "mwili mzima" na afisa tabibu aliyetazama saa

SWALI: Daktari, shikamoo. Zahanati yetu huku Rukwa haina daktari, ina afisa tabibu mmoja na muuguzi. Mwanangu wa miaka miwili alishikwa na homa na kikohozi, nikampeleka. Walimtoa damu kidoleni wakasema malaria hana. Kisha afisa tabibu akampandisha fulana, akatazama kifua huku anaangalia saa, basi, akatuandikia amoksilini ya kuyeyusha. Sikuridhika. Mnadani wamekuja watu wenye mashine ya kompyuta inayopima mwili mzima, mtoto anashikishwa chuma tu. Majibu yakatoka: taifodi sugu, sumu kwenye ini, kinga imeshuka. Dawa zao za lishe ni laki moja na themanini, nimeshachukua chupa moja. Homa imepungua ila bado anakohoa. Je, nimpe? Na kama madaktari hawatoshi, kwa nini Serikali isitugawie mashine hizi vijijini? – Mama, Rukwa

JIBU: Marahaba, mama. Usimpe. Amoksilini aendelee nayo mpaka siku zilizoandikwa ziishe, na tarehe mliyopangiwa kurudi zahanati mrudi, hata kama anacheza. Kikohozi huchelewa kuondoka kuliko homa, peke yake kisikutishe. Lakini akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila anachopewa, akipata degedege, akilegea hata haamki vizuri, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, usingoje tarehe. Ondoka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine. Unasema afisa tabibu alitazama kifua huku anaangalia saa, "basi". Mama, hapo ndipo alipompima! Alikuwa anahesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano mwenye kikohozi akivuta pumzi 40 au zaidi kwa dakika, tunamtibu nimonia. Wa miezi miwili hadi kumi na moja, mpaka wake ni 50. Inahesabiwa mtoto ametulia, halii, hanyonyi, ndiyo maana pengine alikuomba umbembeleze kwanza. Hakuna umeme uliohitajika wala karatasi ya rangi, na ninaamini ndiyo sababu hukuridhika. Kazi hiyo imeokoa watoto wengi kuliko mashine yoyote iliyowahi kupita mnadani.

Makaratasi ya mashine hizo naletewa mno, mengine yamewekewa plastiki kama cheti cha ndoa. Fimbo ya chuma inapitisha umeme kidogo sana kwenye ngozi ya kiganja. Kwa njia hiyo unaweza kujua kiganja kina jasho au kikavu. Ini halisomeki hapo, wala kizazi, wala kinga ya mwili. Ndiyo maana kabla ya kukushikisha chuma wanakuuliza jinsia, umri, urefu na uzito: programu inahitaji pa kuanzia kuandika. Anayebisha arudi apimwe mara ya pili, safari hii ataje umri mwingine na jinsia nyingine, kisha alinganishe karatasi mbili za mwili mmoja.

Halafu hiyo "taifodi sugu". Nchi hii mtu akiumwa kichwa anaambiwa ana taifodi na UTI, na hilo si kosa la mashine peke yake, hata sisi wenye makoti meupe tumechangia kwa kutegemea kipimo cha damu kiitwacho Widal cha mara moja, ambacho hakiaminiki. Taifodi inathibitishwa kwa kuotesha maabara vijidudu vilivyo kwenye damu. Mtu anayeiona kupitia kiganja cha mtoto wa miaka miwili, tena akiwa na chupa za kuitibu mezani pake, huyo amekuja kuuza chupa.

Kuhusu Serikali kugawa mashine: teknolojia imeshafika zahanati kwako, ila haipigi kelele. Ile damu ya kidoleni ni kipimo cha haraka cha malaria, kinatoa jibu ndani ya dakika ishirini bila hadubini. Zamani kila homa ilikuwa malaria, mtoto wa nimonia anapewa dawa ya malaria anarudishwa nyumbani kufa. Kipimo hicho kina mipaka yake, kwa mfano kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, na aliyefundishwa anajua hilo. Kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni nacho kinajibu swali moja tu, na bado kinaweza kudanganyika mtoto akiwa na vidole vya baridi, na kwa ngozi nyeusi kama zetu husoma juu kidogo ya ukweli. Rwanda tangu 2016 ndege zisizo na rubani zinapeleka damu hospitali za mbali, na mimi nazipenda sana. Lakini damu ikishaanguka na mwavuli wake, lazima awepo mtu wa kuoanisha damu hiyo na ya mgonjwa, wa kuitundika, na wa kukaa naye aone kama anatetemeka.

Mtu huyo si lazima awe daktari wa miaka mitano chuoni. Hapa ndipo watu wengi wanachanganya mambo, na wasomi ni wabaya zaidi. Wanaona kwamba kama daktari hayupo basi yeyote atafaa, au mashine itafaa. Msumbiji tangu 1984 inafundisha mafundi wa upasuaji ambao si madaktari. Walipofuatiliwa baada ya miaka saba, 88 kati ya kila 100 walikuwa bado wako hospitali za wilaya. Madaktari waliopelekwa huko hakubaki hata mmoja. Kwetu, madaktari wasaidizi waliotoka kwenye uafisa tabibu ndio walioshika kisu usiku wilayani kwa miongo mingi. Utafiti wa hospitali za Mwanza na Kigoma uliochapishwa 2009 haukuona tofauti ya maana kati ya upasuaji wao wa uzazi na ule wa madaktari kamili. Walifundishwa kazi inayojulikana mwanzo na mwisho, wana msimamizi, na jambo likiwazidi wanajua pa kulipeleka.

Ondoa hayo matatu, anabaki mtu na koti. Muuza duka la dawa muhimu amefundishwa kutoa dawa fulani, na tunamhitaji. Akianza kutundika dripu chumba cha nyuma ameshatoka kwenye alichofundishwa. "Dokta" wa WhatsApp anayetaka picha ya ulimi na muamala kwanza ni walewale. Hata programu za akili mnemba zinazotangazwa siku hizi, zikimkumbusha afisa tabibu dozi au dalili aliyoisahau, karibu. Zikimwambia mama abaki nyumbani na mtoto anayebonyea kifua, nani atakayeulizwa asubuhi? Kwa hiyo anayekupima muulize: amesajiliwa baraza gani, nani anamsimamia, na akikosea mgonjwa anapelekwa wapi. Wa mnadani atakuambia mashine haikosei. Hapo beba mtoto wako uondoke.

Ninajua zahanati nyingine afisa tabibu hayupo wiki nzima, yuko semina au anafuata mshahara mjini, na muuguzi amebaki peke yake na foleni. Hilo ni tatizo la kweli na watu wana haki ya kulalamika. Walalamike kwenye kamati ya zahanati na kwa mtendaji, maana mwenye mashine anafurahi kila zahanati inapofungwa.

Ile chupa uliyonunua usiimwage. Ipeleke zahanati siku ya marudio afisa tabibu asome ina nini, kwa sababu nyingine huwa zimechanganywa na vitu visivyoandikwa. Kama ulishampa mtoto hata kijiko kimoja, mwambie, hatakugombeza. Na kama walikupa risiti au karatasi yenye jina na namba ya simu, ifikishe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kabla mnada haujahamia kijiji kingine.