Mahindi ya pembeni yamedumaa: usiing'oe miti kabla ya kusoma hapa

Mkuu, nalirudia swali lako kwa kifupi ili na wengine wafuate. Una ekari moja na nusu ya mahindi, mpakani kuna mstari wa migrivea ya miaka saba, na mistari minne ya mahindi iliyo jirani na miti inatoka myembamba na ya njano. Wachangiaji wamegawanyika: kundi moja linakwambia ng'oa yote, jingine linakwambia ongeza miti na mbolea ya viwandani utaisahau. Ukifuata lolote kati ya hayo kama lilivyo, utaumia.

Mti shambani unaleta na unachukua kwa wakati mmoja. Unaleta majani, kivuli, unyevu, nyuki, na kwa baadhi ya jamii naitrojeni. Unachukua mwanga, maji na chakula cha udongo wa juu. Kipi kizidi kingine inategemea ni mti gani, umesimama wapi, na unaukata lini. Hilo la mwisho ndilo linalodharauliwa sana, na ndilo linaloharibu mashamba mengi.

Kwanza jua migrivea yako inaiba nini. Nenda shambani saa nne asubuhi, siku ya jua, usimame kwenye mistari hiyo minne. Kama majani ya mahindi yameshajikunja kama karatasi wakati ya katikati ya shamba bado yako wazi, shida ni maji. Kama mabua ni marefu, membamba na yameinama kuelekea upande wenye mwanga, shida ni kivuli. Kama majani ya chini yana njano inayoanzia nchani na kushuka katikati ya jani kwa umbo la V, shida ni naitrojeni. Kingo za zambarau kwenye majani ya mche mchanga mara nyingi ni fosforasi. Unaweza kukuta mawili kwa pamoja, lakini ujue lipi linaongoza.

Kwa maji na chakula, dawa ni kukata mizizi. Chimba mfereji sambamba na mstari wa miti, mita 1 hadi 1.5 kutoka mashinani, kina cha sentimita 50 hadi 60, upana wa koleo tu. Kata kila mzizi unaovuka, kisha rudisha udongo. Fanya upande wa shamba pekee. Ukikata pande zote mbili mti unabaki bila nanga na upepo mkali unaulaza juu ya mazao. Kazi hii ifanyike mvua zinapokaribia, ili mti usikae na kiu miezi mingi ukiwa na kidonda. Mizizi hurudi, kwa hiyo rudia kila mwaka au kila baada ya miaka miwili. Wengi huchimba mara moja, wanaona msimu mmoja mzuri, wanasahau, na msimu wa tatu wanalaumu mti.

Kwa kivuli, pogoa. Mti wa umri huo unaweza kuondolewa matawi ya chini mpaka nusu ya urefu wake, hata theluthi mbili ukiwa na afya, ila usiuache na kishungi kidogo juu. Tawi nene likatwe kwa hatua tatu: kata kidogo kutoka chini, sentimita 30 hivi kutoka shinani; kata kutoka juu mbele kidogo ya hapo mpaka tawi lidondoke; ndipo uondoe kipande kilichobaki karibu na uvimbe pale tawi linapoungana na shina, bila kuugusa uvimbe wenyewe. Ukipiga panga moja kutoka juu, tawi linaanguka na kuchuna gome la shina, na kuoza kunaanzia hapo.

Sasa hili la kuongeza miti na kuacha mbolea. Mgrivea haufungi naitrojeni kutoka hewani. Mkaratusi nao haufungi. Wanaofanya hivyo ni glirisidia, sesbania, lusina, kaliandra, mbaazi, utupa na wenzao wa jamii ya mikunde, tena kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Usiamini jina la mti peke yake. Chimbua mzizi mdogo taratibu, tafuta vinundu, kipasue kimoja kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu au cha waridi, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe, kijani au kijivu, mti huo unakula naitrojeni ya shamba lako kama mti mwingine wowote. Pasipo vinundu kabisa, chukua udongo chini ya mti mkubwa wa aina hiyohiyo wenye vinundu vizuri na uuchanganye kwenye udongo wa kitalu. Lusina ni mchaguzi zaidi kwa bakteria kuliko glirisidia.

Tupige hesabu. Majani makavu ya glirisidia yana naitrojeni karibu asilimia 3 hadi 4. Tani moja ya majani makavu ni kama kilo 35 za naitrojeni, sawa na kilo 76 hivi za urea. Lakini tani moja kavu inatokana na tani 4 hadi 5 za majani mabichi, yaani kilo 4 hadi 5 kwa kila mita 10 za mraba katika hekta nzima. Isitoshe, mahindi ya msimu huo hupata sehemu ndogo tu ya naitrojeni hiyo. Kubwa inabaki kwenye udongo kama mboji na kutoka polepole misimu inayofuata. Ndiyo maana mwaka wa kwanza watu hukata tamaa, na wa tatu hadi wa nne shamba linaonekana limebadilika.

Fosforasi haitoki hewani. Hakuna mti unaoitengeneza. Majani ya alizeti pori yana fosforasi nzuri, kilo 3 hadi 4 kwa tani ya majani makavu, lakini unachofanya hapo ni kuihamisha kutoka pembezoni kuileta shambani. Udongo ukiwa na njaa ya fosforasi, weka samadi ya kutosha au mbolea ya fosforasi kidogo shimoni pamoja na majani ya miti. Mchanganyiko huo unashinda kutumia kimoja peke yake.

Na si kila jani ni mbolea. Majani yenye naitrojeni chini ya asilimia 2.5 hivi, au yenye tanini nyingi (kemikali inayokausha ulimi), yakifukiwa wakati wa kupanda yanaishikilia naitrojeni ya udongo isifike kwenye mahindi, kwa sababu vijidudu vinavyoyaozesha vinahitaji naitrojeni yao kwanza. Mahindi yanageuka njano wiki ya tatu na mkulima anashangaa. Kipimo cha shambani ni rahisi: jani liwe la kijani, ukilikausha na kulisugua lisagike kuwa unga badala ya kubaki nyuzinyuzi, na ladha yake isikaushe ulimi. (Usionje usilolijua. Utupa, kwa mfano, una sumu inayoua samaki, hivyo usiutupe mtoni wala kwenye bwawa.) Glirisidia inapita kipimo hiki. Kaliandra ina tanini na huoza taratibu. Mgrivea na mkaratusi vinashindwa. Majani yao yaweke juu ya udongo kama matandazo kwenye migomba, usiyafukie chini ya mahindi.

Ukiamua kuchanganya glirisidia na mahindi, nafasi iliyofanyiwa kazi muda mrefu kule Malawi ni sentimita 90 kati ya mche na mche na mita 1.5 kati ya mistari, sawa na miche karibu 7,400 kwa hekta. Otesha kwa mbegu. Vipandikizi vya matawi hushika haraka, lakini mizizi yake hutambaa juu juu na kugombana na mahindi, wakati mche wa mbegu unashusha mzizi chini. Mwaka wa kwanza usikate kitu. Kuanzia wa pili, kata kwa kimo cha sentimita 30, wiki mbili hivi kabla ya kupanda, na ufukie majani na vitawi laini papo hapo. Yakiachwa juani sehemu ya naitrojeni hupotea hewani. Kata tena mahindi yakifika magotini, kisha mara ya tatu katikati ya msimu. Kiangazi uache mti ukue. Ukiruka mkato wa pili kwa sababu ya shughuli nyingi, ndani ya wiki chache glirisidia inayafunika mahindi, na hapo utasema miti imekuibia. Kazi ya mikono ni nyingi, lazima niseme wazi. Mfumo wa mistari ya lusina uliosifiwa sana miaka ya 1980 uliachwa na wakulima wengi kwa sababu ya kazi hiyo na ushindani wa mizizi, na mdudu mfyonzaji wa lusina alipoingia Afrika mwaka 1992 hali ikawa mbaya zaidi.

Asiyeweza kukata mara tatu kwa mwaka alaze kipande cha shamba kwa sesbania miaka miwili, au apande mbaazi kati ya mahindi. Ila baada ya sesbania usipande nyanya wala tumbaku, maana inazidisha minyoo fundo kwenye udongo, yaani minyoo midogo inayovimbisha mizizi.

Mti ninaoupenda kuliko yote kwa shamba la nafaka ni Faidherbia albida, ambao sehemu nyingine huitwa mkababu. Wenyewe umepindua kalenda: mvua zikianza unapukutisha majani, kiangazi unavaa majani. Mahindi yanapata jua na mbolea ya majani kwa wakati mmoja, na kiangazi maganda yake yanalisha mifugo. Nchini Zambia hushauriwa mita 10 kwa 10, miti 100 kwa hekta. Gome la mbegu ni gumu, hivyo likwaruze kidogo upande ulio mbali na kitovu kwa kikata kucha, kisha loweka usiku kucha. Tumia viriba virefu, sentimita 25 au zaidi, maana mzizi mkuu unashuka upesi na ukijikunja chini ya kiriba mti hautakaa sawa maisha yake yote. Miaka ya mwanzo unatambaa kwa upole, kwa hiyo weka kijiti kando ya kila mche, la sivyo jembe litaupitia.

Kabla hujanunua mche wowote, tembea shambani uangalie visiki. Mara nyingi msitu uliofyekwa bado uko hai chini ya udongo. Kisiki kinachochipua kichagulie machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye nguvu, kata mengine yote, kisha ondoa vitawi vya pembeni mpaka nusu ya kimo cha kila chipukizi. Rudia kila baada ya miezi michache. Mizizi ilishafika kwenye maji zamani, kwa hiyo ukuaji wake haulingani na wa mche wa kitalu. Kwa njia hii wakulima wa kusini mwa Niger, tangu miaka ya 1980, wamerudisha miti kwenye karibu hekta milioni 5 za mashamba, bila vitalu.

Kwa mwenye ng'ombe wa maziwa, kaliandra kwenye kingo za makinga maji inalipa haraka. Kilo 3 za majani mabichi hukaribia kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe, na miti 500 inatosha kumpa ng'ombe mmoja kilo 6 kwa siku mwaka mzima. Lusina isizidi theluthi moja ya chakula. Ina sumu ya asili iitwayo mimosini, ambayo ikizidi mnyama hupukutika manyoya.

Upepo nao ni adui ambaye watu hawamwoni. Ukanda wa miti unapunguza upepo mpaka umbali wa mara 10 hadi 20 ya kimo chake: miti ya mita 10 inakinga walau mita 100. Lakini usiwe kama ukuta. Upitishe karibu nusu ya upepo, maana ukuta kamili unaurusha juu na kuuangusha kwa kishindo nyuma yake, na mahindi yanalala. Usiache mwanya katikati pia, upepo unaminyika hapo na kutoka kwa kasi zaidi.

Msitu ulio nje ya shamba usiuone kama ardhi isiyotumika. Ua jike la boga hufunguka alfajiri na kufungwa kabla ya adhuhuri ya siku hiyohiyo. Nyuki wasipofika saa hizo, kiboga kinageuka njano na kudondoka, au kinakua upande mmoja. Nyuki wa porini wanaishi kwenye mapango ya miti mikongwe na udongo usiolimwa. Huko Costa Rica, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliona kahawa iliyo ndani ya kilomita 1 hivi kutoka msituni ikizaa asilimia 20 zaidi. Msitu wa juu ya mlima pia unapokea mvua kwa majani na takataka zake, maji yanazama badala ya kukimbia, na kijito cha chini kinadumu kiangazi. Mikaratusi usiipande karibu na kijito hicho kabisa.

Kwa hiyo mkuu, kwa shamba lako: mwezi mmoja kabla ya mvua pogoa migrivea, wiki mbili baadaye chimba mfereji. Mistari miwili ya kwanza kando ya miti badala ya mahindi weka kaliandra kama una ng'ombe, au majani ya malisho yanayovumilia kivuli. Mistari inayofuata panda mahindi na mbaazi. Piga picha ya mistari hiyo saa nne asubuhi wiki ya sita baada ya kuota, uiweke hapa na picha ya katikati ya shamba, tuilinganishe.