Daftari lililoandika 24 hata siku ya Iddi

Mkaguzi aliyekuja kwenye nyumba yetu ya wanyama wa utafiti alikuwa mwanamke mpole, na swali lake la mwanzo halikuwa la panya wala la sungura. Alichukua daftari la joto lililoning'inia mlangoni, akafunua kurasa chache za nyuma, akanisogezea.

"Bwana, siku ya Iddi pia mlikuwa na nyuzi 24?"

Nikatazama. 24, 24, 24, mwezi mzima, wino mmoja, mwandiko mmoja. Siku ya Iddi mimi nilikuwa kwetu Makunduchi nashughulika na sahani ya pilau. Mzee wetu anayeosha vizimba, ambaye sote tunamwita Ami, alikwenda asubuhi kuwapa wanyama chakula na maji, lakini daftari hakuligusa, kwa sababu nilimwambia la joto ni kazi yangu. Tena ndani ya mwezi ule umeme ulikatika siku tatu, kutwa. Sikuwa na la kujibu. Vizimba vilikuwa vinang'aa na sungura wazima, lakini kutoka dakika ile kila karatasi niliyomwonesha aliisoma mara mbili.

Nayaandika haya kwa sababu wenzangu wawili wa Pemba wanaanzisha nyumba ndogo ya wanyama wa utafiti, na wananiuliza wajitayarishe vipi kwa ukaguzi. Wao wanafikiria rangi ya ukuta na makoti mapya. Rangi ipakeni, si vibaya, ila mkaguzi mzoefu akinusa rangi mbichi huanza kujiuliza kuna nini chini yake.

Anachokagua hasa ni kama karatasi na mnyama vinasema neno moja.

Tuanze na joto, maana hapa kwetu ndipo pagumu. Wengi tunaopata fedha au ushirikiano wa nje tunapimwa kwa mwongozo wa Marekani wa kutunza wanyama wa maabara, toleo la nane la mwaka 2011. Panya wakubwa na wadogo wanatakiwa wakae kwenye nyuzi 20 hadi 26, sungura 16 hadi 22, na unyevu wa hewa baina ya asilimia 30 na 70. Sasa wewe mwambie kaskazi ya Januari hiyo 22! Bila kiyoyozi huifikii, na kiyoyozi bila jenereta ni pambo la ukutani. Aliyekuwepo Unguja ule mwisho wa 2009, tulipokaa kama miezi mitatu bila umeme wa kebo ya chini ya bahari kutoka bara, hahitaji kuelezwa.

Sungura ndiye wa kumuonea huruma zaidi. Hatoki jasho kama sisi, joto lake hulitolea masikioni na kwenye pumzi. Ukimwona kajilaza kwa urefu, masikio yamemwiva, anahema mbio, ujue umechelewa. Sisi tunaweka chupa za maji yaliyoganda kwenye friza, tunazifunga kitambaa na kuzilaza ndani ya kizimba, mwenyewe atakwenda kuziegemea. Njia hiyo imeandikwa kwenye utaratibu wetu na daktari wa mifugo ameitia saini. Isingeandikwa, mkaguzi angeona chupa za soda zilizozagaa vizimbani, na angekuwa na haki.

Nunueni kipimajoto kinachoshika joto la juu na la chini tangu mara ya mwisho kusomwa. Cha kawaida kinakwambia saa 2 asubuhi palikuwa pazuri, na wala hakijui usiku ulikwendaje. Namba ikiwa mbaya iandikwe mbaya, na pembeni yake iandikwe mlifanya nini. Daftari lisilo na siku mbaya hata moja katika visiwa hivi halina anayeliamini.

Idadi ya wanyama inawaumbua wengi, na mara nyingi kwa jambo la aibu ndogo tu. Kibali cha kamati ya maadili kinasema panya 60, mkaguzi anahesabu 67. Saba wametoka wapi? Mtu alikosea kutenganisha madume na majike, na panya mdogo wa maabara hubeba mimba siku 19 hadi 21 tu, kwa hiyo kosa la mwezi huu lina watoto mwezi ujao. Hilo si la kuficha. Siku mnapowaona watoto iarifuni kamati kwa maandishi, waandikeni kwenye kadi ya kizimba, na semeni wataishia wapi. Sisi tulijaribu kuwahamishia chumba cha pili asubuhi ya ukaguzi. Sitasema zaidi.

Kabati la dawa. Ketamini, ile ya kumlaza mnyama usingizi, ni dawa inayodhibitiwa, ikae chini ya ufunguo na iwe na kitabu chake. Chupa ya mililita 10, mmechoma jumla 6.4, kitabu kinasema zibaki 3.6, lakini chupani zimebaki 3.1. Hakuna aliyeiba. Kila bomba la sindano linabakiza tone kwenye shingo yake, na matone hayo yakikusanyika ni nusu mililita. Usipoiandika hiyo nusu kuwa imepotea, siku ile na kwa saini mbili, mwezi wa tatu utaonekana mwizi. Halafu fungueni droo, zote, hata ile ya chini inayokwama. Humo ndimo uzi wa kushonea uliopitwa na tarehe unamolala, na mkaguzi huanzia hapo, sijui nani huwa anamwambia.

Chakula kwa ufupi: angalieni tarehe ya kusagwa, si ya kununuliwa, magunia yasiguse sakafu wala ukuta, na masika msinunue kingi. Kama mna simbilisi (guinea pig), kumbukeni kwamba, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, na kwenye chakula kilichohifadhiwa penye joto na unyevu vitamini hiyo hupungua haraka kuliko gunia linavyoisha.

Kosa langu kubwa kabisa, kuliko hata la daftari, lilikuwa kumficha Ami. Siku za ukaguzi nilikuwa nampa ruhusa, nikihofu atasema neno lisilofaa. Mkaguzi akaomba kuonana na mtu anayelisha wanyama. Simu ikapigwa, Ami akaja na kanzu yake akitokea msikitini.

"Shikamoo mzee. Ukiona mnyama mgonjwa unafanya nini?"

"Marahaba mwanangu. Kwanza natazama choo chake. Asipopata choo tangu jana, simngoji mkubwa, nampigia daktari."

Yule bibi aliandika mistari mitano. Mimi kwa saa mbili za maneno nilikuwa sijapata hata mmoja. Tangu hapo daftari la joto analishika Ami, na ndiye anayemtembeza mgeni. Mfundisheni huyo mtu wenu, mpeni kalamu, mwambieni kibali kinaruhusu nini na hakiruhusu nini, kwa Kiswahili. Utaratibu uliobandikwa ukutani kwa Kiingereza, na anayeutekeleza hakisomi, ni karatasi tu ya kuzibia ufa.

Wiki chache kabla ya ukaguzi mwombeni mtu wa idara nyengine apite nyumba nzima akiwa na tochi. Sisi tunamchukua mhasibu. Aliwahi kuuliza kwa nini mlango wa friza ya mizoga haufungi vizuri. Tulikuwa tumeuzoea miaka miwili.

Mkaguzi yule yule alirudi baadae, na alikwenda moja kwa moja kwenye daftari. Akasimama kwenye mstari wa Februari, mwandiko wa Ami umelala kama mawimbi: joto 31.5, umeme umekatika saa 8 mchana, chupa za barafu zimewekwa, daktari amepigiwa, jenereta imewaka saa 8 na dakika 25.

"Dakika 25 mlikuwa mnangoja nini?"

"Ufunguo wa stoo ya dizeli," Ami akamjibu. "Mwenyewe kaenda kula."

Akaandika. Ufunguo wa pili ulichongwa Darajani jioni ile ile, na sasa unaning'inia kwenye msumari mmoja na daftari.